Naomba ushauri: vampaya akipiga hodi Ujiji

Wakuu, naombeni msaada. Mfululizo wangu wa hadithi za watu-mbwamwitu (watu wanaogeuka mbwamwitu mwezi ukiwa mpevu), vampaya (wafu wanyonya damu) na fei (viumbe wa kichawi wa ngano za Ulaya) umehamia Kigoma, na sheria zake zinagongana na mji.

Vampaya haingii asipokaribishwa, lakini Ujiji nani hupigiwa hodi asijibu "karibu"? Nafikiria ihesabike ikisemwa na mwenye nyumba tu, tena akiwa amemwona uso. Au nitakuwa nakwepa? Fei huunguzwa na chuma, reli avukeje?

Kinachonitesa hasa ni mwezi mpevu. Huja kila baada ya siku 29.5 hivi, na ndipo wavuvi wa dagaa hupumzika, maana mbalamwezi hushinda taa zao. Wanaume wote wako nchi kavu. Mtu-mbwamwitu ageukie wapi asionekane?