Pasheni kwenye ukanda wa baridi, Moshi na Arusha: tupeane uzoefu

Wakuu, kila masika yakikaribia maswali huwa yale yale: aina gani, nguzo urefu gani, kwa nini mmea unanyauka ukiwa na matunda. Wenye ujuzi tumwageni hapa.

Mibuni_na_Migomba: Kuanzia mita 1,200 kwenda juu (Marangu, Kibosho, Ngaramtoni), panda ya zambarau. Ya njano inataka joto la Moshi mjini na kushuka chini. Ila usiidharau, maana mizizi yake inavumilia mnyauko fuzari, ugonjwa unaoua ya zambarau. Kwa hiyo tunabebesha, yaani tunaunganisha ya zambarau juu ya mizizi ya njano. Mche wa njano ukifikia unene wa penseli, ukate sm 20 juu ya udongo, upasue katikati sm 3, uchomeke kikonyo (kipande cha tawi) cha zambarau chenye macho mawili au matatu, kilichochongwa kama kabari. Ganda liguse ganda, angalau upande mmoja. Funga kwa utepe wa nailoni, vika mfuko mwangavu, weka kivulini mpaka macho yachipue.

Kosa kubwa hutokea shambani: mtu anafukia kiungo, pale ulipobebesha. Ya zambarau inaota mizizi yake yenyewe juu ya kiungo, fuzari inaingilia hapo, halafu lawama anapewa muuza miche.

Nguzo_Kwanza: Nguzo ya m 2.6, sm 60 ziingie ardhini, waya wa geji 14 juu. Nguzo hadi nguzo m 6. Za mwishoni zipigwe mhimili, la sivyo mzigo utazivuta ndani. Shimo sm 45 kila upande, debe moja la samadi iliyooza. Mche hadi mche m 3.

Acha shina moja au mawili, ng'oa vichipukizi vyote chini ya waya. Likifika wayani likate ncha, matawi yaende kushoto na kulia, yanayoning'inia yasiguse udongo. Matunda hutoka kwenye matawi mapya, hivyo baada ya mavuno yapunguze yabaki macho matatu hivi. Asiyekata anafuga pazia.

Mama_Bustani: Nyongeza ya Juni hadi Agosti: wingu likikaa, mmea unalala. Usiusukume kwa yurea, utapata majani tu. Pazia zito linashika unyevu na madoa ya kahawia yanaanza hapo. Punguza matawi kwanza, ndipo ufikirie dawa ya kopa (shaba).

Mibuni_na_Migomba: Tunda gumu kama mbao, dogo, ganda nene, maji kidogo: hicho ni kirusi. Hakina dawa. Ng'oa mmea, uchome. Wadudu vidukari hukibeba, na mkasi wako pia. Uchovye kwenye jiki kila unapohama mmea. Na wale wanaojaza kunde na maharage katikati ya mistari, jamani, mnakaribisha vidukari na kirusi vyote pamoja.

Mgeni_Usa: Na ile kiwi ndogo isiyomenywa, inayotambaa kama pasheni?

Nguzo_Kwanza: Dume na jike ni mimea tofauti, na inahitaji wiki nyingi za baridi kali ndipo itoe maua. Juni ya Marangu haitoshi, mkuu.

Mama_Bustani: Kuvuna: tunda likibadilika rangi lote, au likidondoka lenyewe. Okota kila baada ya siku mbili. Lililochumwa bichi hunyauka bila harufu, na mnunuzi analijua kwa kulinusa tu.