Mrejesho: ile hadithi ya Doctor Who kwa Nero

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama "The Romans", hadithi ya mwaka 1965 ya Doctor Who, ile tamthilia ya TV ya BBC kuhusu msafiri wa wakati aitwaye Doctor, inachekesha kweli au ni sifa tu. Nimeimaliza, inavunja mbavu! Doctor anajifanya mpiga kinubi maarufu, na kupiga hajui. Mbele ya Nero, mtawala wa Roma, anadai muziki wake husikika na wenye masikio makini tu, kisha anachezesha vidole kimya kimya. Wageni wote wanapiga makofi. Nani akubali kuwa hajasikia? Barbara, msafiri mwenzake Doctor, yumo humo humo ikulu, kauzwa utumwani, na hawakutani kabisa. Sehemu ya Ian, msafiri mwenzao mwingine, kwenye merikebu ya makasia imepoa kidogo. Halafu jua linapenya miwani ya Doctor, ramani ya Roma inashika moto, na Nero anapata wazo.