Naombeni ushauri: chumba kimegeuka stoo na mume hataki kitu kitoke

MamaWawili:
Wakuu, habari zenu. Naombeni ushauri, hasa kwa mliopitia hali kama hii.

Nyumba yetu ina vyumba vitatu vya kulala lakini tunatumia viwili. Cha tatu kimejaa vitu hadi mlango unafunguka nusu, maana nyuma yake kuna boksi la nyaya na chaja za simu ambazo hatunazo tena. Humo ndani kuna feni zisizozunguka, mifuko ya nguo za watoto tangu wakiwa wachanga, vitabu vya mume vya enzi za chuo, picha za zamani na makaratasi ya kila aina. Mwanangu mkubwa amefikia umri wa kuwa na chumba chake. Sasa hivi analala na mdogo wake na hana hata pa kuweka daftari.

Nikipanga, baada ya muda mambo yanarudi palepale. Nikimwambia mume tupunguze, anasema "hiyo itakuja kufaa." Ni mtu mwema na sitaki tugombane kwa sababu ya feni. Rafiki yangu ananishauri nivitoe siku akisafiri. Nianzie wapi?

Kifuli:
Usithubutu kuvitoa akiwa safarini. Akija kugundua kimoja hakipo, ataanza kuvilinda vyote, hata vile ambavyo angekubali viondoke. Vitu vyake avitoe kwa mkono wake.

ShangaziRehema:
Mwanangu, kwa unavyoeleza, umekuwa ukipanga bila kupunguza. Kupanga ni kuhamisha kitu kutoka sakafuni kwenda kwenye rafu, idadi inabaki ileile, ndiyo maana vinarudi. Na tafadhali usikimbilie kununua makontena ya kuhifadhia. Kontena linanunuliwa mwisho, ukishajua kilichobaki ni kiasi gani.

Anza na vyako peke yako. Nguo zako, viatu vyako, vyombo unavyotumia wewe. Usimwambie mume chochote, aone tu nafasi inaongezeka. Mimi nimeona wanaume wengi wagumu wakilainika kwa kuona kuliko kwa kuambiwa.

Ukifika kwenye vya pamoja, usishike kona ya chumba, shika aina ya kitu. Chukua shuka, litandike sakafuni, kusanya chaja zote za nyumba nzima pale, za droo, za begi, za jikoni. Kisha mwite mzee, mkae chini, kila chaja itafutiwe kifaa chake. Isiyo na kifaa inakwenda kwenye mfuko wa vitu vya kutolewa. Hapo hakuna anayemlazimisha mwenzake, chaja yenyewe inajieleza.

Swali la "itafaa?" liache kabisa, kwa sababu hakuna kitu duniani kisichoweza kufaa siku moja. Muulizane mara ya mwisho mlikitumia lini, na mkikihitaji mtakipata kwa shida gani. Kinachoazimika kwa jirani hakina haja ya kulala kwenu.

Halafu mfuko ukijaa utoke nyumbani siku hiyohiyo. Ukilala ndani, mtu ataufungua.

Mhasibu_Mstaafu:
Naunga mkono shangazi. Hii tabia ya kuthamini kitu kwa sababu tu ni chako imechunguzwa na wanauchumi. Richard Thaler, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, aliiandikia tangu 1980. Katika jaribio alilochapisha na Daniel Kahneman na Jack Knetsch mwaka 1990, baadhi ya wanafunzi walipewa vikombe, wengine hawakupewa. Waliopewa walitaka bei takriban mara mbili ya ile ambayo wenzao walikuwa tayari kulipa, na kikombe ni kilekile.

Kwa hiyo muulize mumeo hivi: "Kama feni hii mbovu ingekuwa ya mtu mwingine, ungeinunua?" Mwache ajibu mwenyewe, usimjibie.

FundiWaya:
Dada, mwambie shemeji feni hizo ziwekewe tarehe. Zipelekwe kwa fundi kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo ziende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mota ya feni mara nyingi ina waya wa shaba, kwa hiyo haitupwi bure.

Lililonifanya niandike ni simu za zamani. Kagua betri leo. Ukiona simu imetuna au mfuniko umeachia, usiichaji, usiitoboe, usiichome moto na usiichanganye na takataka za kawaida. Betri ya lithiamu iliyoharibika inaweza kuwaka. Iweke mbali na makaratasi na nguo, kisha uipeleke wanakopokea taka za elektroniki. Zilizo nzima, futa taarifa zenu kabla ya kugawa.

NesiTulivu:
Swali moja, dada. Mzee anakataa tu, au anapata mfadhaiko mkali hata kwa kitu kidogo kama gazeti? Kurundika vitu kupita kiasi kunatambuliwa kama ugonjwa katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022. Ikiwa ni hivyo, anahitaji mtaalamu, kusukumana hakutasaidia.

MamaWawili:
Asante dada nesi. Hapana, hajafika huko. Chaja tumezipitia pamoja jana na alitoa nyingi bila ubishi, nilishangaa. Simu moja kweli imetuna, tumeitenga.

Sasa mzigo ni wangu. Nguo za watoto. Nimeshika soksi ya mtoto mchanga, moja tu, mwenzake haipo, na mkono umegoma kuiachia. Na makaratasi?

ShangaziRehema:
Hiyo soksi ibaki, mwanangu. Kila mtoto awe na boksi moja dogo lenye mfuniko, kinachoenea humo ni cha kumbukumbu. Zingine zipeleke kwa mwenye mtoto anayezihitaji sasa, kabla hazijaliwa na nondo.

Mhasibu_Mstaafu:
Makaratasi: hati za nyumba, vyeti na mikataba kwenye faili moja isiyopitisha maji. Risiti za mashine zile laini hazina wino, maandishi hutokea kwa joto na hufifia. Yenye dhamana itoe nakala mapema. Picha zisikae karibu na ukuta wenye unyevu wala penye jua.

MamaWawili:
Mungu awabariki. La mwisho: chumba kikishakuwa wazi, nazuiaje kisijae tena?

Kifuli:
Kitanda cha mtoto kiingie siku hiyohiyo, hata kama rangi bado. Ufunguo mpe yeye.