Uzi wa BMI: wana Arusha na Moshi, namba yako ilikuambia nini? Tupeane uzoefu

Mleta mada (Njiro)
Wakuu salaam. Siku za Nane Nane nilipita banda la kupima afya bure pale viwanjani Njiro. Nikapanda mizani, nikasimamishwa ukutani, dada akabonyeza kikokotoo na kuniandikia kwenye kikaratasi: kilo 82, sm 168, BMI 29. Akasema "kaka, punguza uzito", akaita anayefuata. Basi.

Kwa wasiojua, BMI ni uzito ukilinganishwa na urefu. Hesabu yake: chukua kilo zako, gawa kwa urefu wako wa mita, jibu lake ligawe tena kwa urefu uleule. Shirika la Afya Duniani linapanga watu wazima hivi: chini ya 18.5 uzito pungufu, 18.5 hadi 24.9 uko vizuri, 25 hadi 29.9 uzito umezidi, 30 kwenda juu unene uliopitiliza. Watoto wana chati zao, na mjamzito hapimwi kwa hii.

Naomba waliopimwa watuambie ilikuwaje baada ya kupewa namba. Hospitali na madaktari tusiwataje majina.

Mbeba Ndizi, Mbuyuni
Mimi kazi yangu ni kushusha mikungu na magunia pale Mbuyuni, Moshi. Sm 172, kilo 84, BMI 28.4. Mpimaji akaangalia karatasi, akaniangalia mimi, akaangalia karatasi tena. Mwisho akachomoa tepu akanizungusha kiunoni: 83. Presha safi, sukari safi. Akaniambia niendelee na kazi zangu, ila siku nikiacha kubeba mizigo nipunguze na sahani ya ugali. Hapo ndipo penye neno, maana wenzangu walioacha mzigo wakafungua duka nawaona walivyo.

Fupi Round
Mleta mada, nimegawa 82 kwa 1.68 nimepata 48.8. Mkuu, bado unapumua?

Mleta mada (Njiro)
😂 Gawa tena kwa 1.68, mkuu.

Baba wa Sakina
Mimi ni kinyume cha huyo wa Mbuyuni. Sm 175, kilo 74, BMI 24.2. Miaka yote kwenye chati niko eneo la kijani, na ofisini nilikuwa nawatania wanene. Lakini suruali nilikuwa nafungia chini ya kitambi. Miguu myembamba, mikono myembamba, tumbo liko mbele kama limetangulia kikaoni. Jioni nyama choma na bia mbili, Jumamosi kitimoto, kutembea ni kutoka kwenye gari hadi kwenye kiti.

Nilikwenda kupima kwa sababu ya kiu na kukojoa usiku. Sukari kabla ya kula ilikuwa 8.4. Wakarudia siku nyingine, bado iko juu ya 7, wakasema ni kisukari. Daktari alinieleza kwamba mafuta yanayozunguka ini na utumbo ndiyo yanayoufanya mwili usiisikie insulini (kichocheo kinachoshusha sukari) vizuri, na mizani haioni yalipojificha. Sasa hivi natumia dawa, na kiuno kimetoka 103 hadi 96. Uzito wenyewe umepungua kidogo tu.

Nesi Mstaafu
Nyie wawili mmenirahisishia kazi. BMI haikubuniwa kwa ajili ya kumpima mgonjwa mmoja chumbani. Hesabu yenyewe ni ya Mbelgiji, Adolphe Quetelet, mtu wa takwimu na elimu ya nyota, miaka ya 1830. Alikuwa anatafuta mtu wa wastani katika jamii anafananaje. Jina hili la BMI lilikuja mwaka 1972 kwa Mmarekani Ancel Keys, naye alitaka kipimo chepesi cha kulinganisha makundi ya watu. Kwa kazi hiyo kinafaa sana, na ni kweli kwamba kadiri namba inavyopanda juu ya 30 ndivyo presha, kisukari na magonjwa ya moyo yanavyoongezeka kwenye kundi. Ila kwako wewe mmoja, naomba niletee na tepu.

Tafuta ubavu wa mwisho kwa kidole, tafuta na mfupa wa nyonga, tepu ipite katikati yake, juu ya ngozi, umetoa pumzi kawaida. Kuvuta tumbo ndani hakusaidii, wanaume mnanisikia. Mwanaume akifika 94 aanze kujiangalia, 102 hatari imekuwa kubwa. Mwanamke ni 80 na 88. Kama huna kumbukumbu ya namba hizo, kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Na urefu pimeni bila viatu, maana wanaume mna tabia ya kujiongezea sentimita. Huyu mleta mada akijiita sm 172 anashuka kutoka 29 hadi 27.7 bila kutoka jasho.

Mleta mada (Njiro)
Kiuno 99. Sina la kujitetea.

Mama wa Machame
Mimi yangu yalianza na uzazi. Mnajua mzazi wa Kichagga anavyolelewa: mtori asubuhi, supu mchana, maziwa, hutoki ndani, mama mkwe amesimama mlangoni kuhakikisha bakuli limekwisha. Miezi mitatu. Nilimpenda sana na mtoto alinyonya vizuri, sitaki mtu amseme vibaya. Lakini mtoto alipotimiza mwaka nilikuwa bado nakula kama mzazi. Sm 160, kilo 80, BMI 31, presha 150/95, na waliirudia kliniki mara tatu ikawa hivyohivyo.

Nilipunguza mafuta na soda, nikaacha kuongeza chumvi mezani, nikaanza kupanda kilima kwenda sokoni kwa miguu. Imenichukua karibu mwaka kufika kilo 74. Kwenye chati bado naitwa mwenye uzito uliozidi, BMI 28.9. Ila presha inacheza kwenye 128/82 na magoti hayanilizi tena. Anayesubiri mpaka aingie eneo la kijani ndiyo afurahi atasubiri sana.

Mwembamba wa Kijenge
Mbona wanene tu ndio wanaongea? Mimi nilikuwa kilo 56, nikashuka hadi 47 kwa urefu wa sm 163. Hiyo ni 17.7. Mtaani unajua maneno yanayofuata: "umekonda, unaumwa?", wengine hawaulizi, wanamaliza wenyewe pembeni. Nikawa nakula chipsi mayai usiku ili nijaze nguo. Dada yangu ndiye aliyeuliza kama nakohoa. Nilikuwa nakohoa, nikidhani ni baridi ya Arusha na vumbi. Makohozi yakatoa TB. Dawa miezi sita, bure, na uzito ulirudi wenyewe. Kama unapungua bila kujipunguza, usifurahie wala usijifiche, nenda ukapime.

Duka la Vitambaa, Arusha mjini
Sisi familia yenye asili ya India tuliambiwa tusisubiri 25. Mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipendekeza watu wa asili ya Asia waanze kuchukua hatua kwenye 23, kwa sababu kisukari kinatuwahi tukiwa bado wembamba. Baba alikuwa na 23.6 alipogundulika. Halafu tepu tunauza, karibuni.

Wa Ngaramtoni
Mama yangu ana miaka 70 na kitu. Kliniki walimsifu kwamba ameongezeka kilo kadhaa ndani ya wiki mbili, BMI imekaa vizuri. Nyumbani nikamvua soksi: alama ya mpira imezama, nikibonyeza juu ya kifundo shimo linabaki. Yalikuwa maji. Moyo ulikuwa umechoka. Alipopewa dawa za kukojoa, kilo zilishuka haraka.

Nesi Mstaafu
Pole sana, na umefanya vizuri kubonyeza. Kwa mzee hata urefu hupungua mgongo ukijipinda, hivyo BMI inapanda bila yeye kunenepa. Mpime uzito kila asubuhi baada ya kwenda chooni, mizani ileile, uandike. Ukiona kilo mbili zimeongezeka ndani ya siku tatu, au ameanza kulalia mito mingi ili apumue, usingoje tarehe ya kliniki.