Yule fundi wa Darajani kanigongea laptopu kwa bisibisi mbele za watu

Nimetoka huko sasa hivi, jasho halijanikauka. Mnamjua nyote, yule anayechomeka bisibisi nyuma ya sikio.

Laptopu yangu ina RAM ya GB 4 na diski ya zamani, ile ya kuzunguka. Nataka Linux, mfumo mwingine, iende ndani ya VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta, bila kufuta Windows. Ikianza kuwaka, unapanda meli, unafika Pemba, unarudi, bado inawaka. Nikamwendea kwa adabu, shikamoo fundi, nisaidie.

Akaigonga. Kwa bisibisi! Tak, tak, kwenye kifuniko. "Hii mpelekee muuza kahawa wa Jaws Corner, aweke dele lake." Duka zima likacheka, hata mtoto wa skuli na sare yake. Na elfu kumi ya kuangalia kachukua!

Nimefika nyumbani nikatazama mwenyewe. Chini ya dirisha la VirtualBox pana kobe wa kijani. Maana yake Hyper-V, kitu cha Windows chenyewe cha kazi hiyo hiyo, imeshika njia, VirtualBox inatambaa nyuma yake. Nikaizima, nikawasha laptopu upya, kobe hayupo. Nikapunguza na RAM: Linux nilikuwa nimeipa GB 3, Windows inahemea diskini. Sasa ina GB 1.5, na nimeweka Lubuntu, Linux nyepesi. Inakwenda. Nusu saa tu, jamani! Yeye kaona bora agonge. Tak, tak.

mwana_wa_wete: GB 3 kati ya 4? Mgeni siku ya tatu hupewa jembe, wewe umempa nyumba. Mwenyeji alale barazani?

Mleta uzi: Sikuuliza hayo. Nasema kaigonga kwa bisibisi.

kibanda_maiti: Kobe huyo katoroka kisiwa cha Changuu. Wenzake wapo pale tangu 1919, mrudishe kwao.

fundi_mtandao: Washa na VT-x, ile ya prosesa ya kubeba kompyuta ndani ya kompyuta, kwenye BIOS, mipangilio ya kabla Windows haijawaka.

mwana_wa_wete: Ishawaka hiyo, yakhe. Hyper-V haiendi bila yake.

bi_mkunazini: Afadhali wewe umegongewa. Mie yule wa simu, mnamjua, kanirudishia kioo kipya, spika haimo. Ati ilikuja bila spika! Nilikuja nayo inaadhini!

Mleta uzi: Pole bi. Lakini mbele ya mtoto wa skuli?

chake_kwetu: Nyie mna fundi wa kuwatukana. Huku nimeagiza SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, Unguja, wiki mbili nangoja bandarini. Imekuja ya M.2, nyembamba kama jojo. Laptopu yangu inataka ya inchi 2.5. Nikipiga simu hapokei.

bi_mkunazini: Aliyekuuzia ni yule wa Malindi, mwenye kofia ya kijivu?

chake_kwetu: Ndiye huyo huyo!

kibanda_maiti: Khaa! Huyo ana chaja yangu tangu Ramadhani. Yupo dukani leo?