Ulinganisho: Galaxy Tab A9, Galaxy A15 au Redmi Note 13 kwa kazi ya shambani?

Mpimaji_Kusini
Wakuu, habari za kazi. Kuna vifaa vinatakiwa kununuliwa kabla ya mwisho wa mwezi kwa ajili ya wakusanya takwimu huko Mtwara. Mezani vimebaki vitatu: Samsung Galaxy Tab A9, Samsung Galaxy A15 na Redmi Note 13. Bosi anataka kishikwambi, vijana wanataka simu. Kipi kitadumu? Nawasilisha.

FundiAggrey
Mkuu, majina ya vifaa umeyaleta, kazi yenyewe hujaileta. Unanunua vingapi? Bajeti kiasi gani kwa kimoja? Wanatumia programu ipi? Wanakolala kuna umeme? Wanatembea kwa miguu, gari au bodaboda? Kifaa cha kudumu ofisini na kifaa cha kudumu mgongoni mwa boda havifanani hata kidogo.

Redmi_Damu
Redmi Note 13, uzi ufungwe. Kioo cha AMOLED cha inchi 6.67, betri 5000 mAh, chaji ya wati 33, halafu ina kinga ya vumbi na maji ya IP54. A15 haina IP ya aina yoyote, na Tab A9 vilevile. Sasa mnajadili nini?

Bi_Dodoso
@Redmi_Damu IP54 isiuziwe watu kama ndoo ya kuchotea maji. Tarakimu ya kwanza ni vumbi: 5 maana yake vumbi linaweza kuingia ila si kiasi cha kuzuia kifaa kufanya kazi. Ya pili ni maji: 4 ni matone na michirizi kutoka pande zote, basi. Kuzamisha mita moja kwa nusu saa ni 7, yaani IP67, tena ni maji baridi ya bomba, si ya chumvi. Na hizo zote ni za kifaa kipya. Kikishafunguliwa kubadilishwa kioo, gundi ya pembeni ikarudishwa kwa kukadiria, hiyo IP imebaki kwenye boksi.

Mleta mada, jibu maswali ya fundi kwanza.

Mpimaji_Kusini
Samahani wakuu, nilikuwa kwenye kikao. Vifaa 18, bajeti laki tano kwa kimoja, kava na protekta humo humo. Programu ni KoboCollect, ile ya kujazia fomu za takwimu kwenye simu, dodoso refu lenye majedwali, picha za mikorosho na alama za GPS kwenye kona za shamba. Kazi ni Julai na Agosti. Usafiri ni bodaboda. Vijiji vingine umeme hakuna.

Nangurukuru
Julai kwenye mikorosho? Hilo ndilo ulitakiwa kuanza nalo. Huo ni msimu wa kupulizia salfa ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Ule unga wa njano ni laini kuliko vumbi la barabarani, unakaa hewani muda mrefu, na unaingia kwenye tundu la chaji, matundu ya spika na ya maiki. Salfa inakula shaba na fedha. Pini za USB-C zimepakwa dhahabu nyembamba. Ukichomeka na kuchomoa waya tundu likiwa na unga, ule unga unasugua dhahabu kama msasa, kisha chuma cha chini kinaanza kuwa cheusi. Dalili yake: simu inachaji upande mmoja wa waya tu, au chaji ya haraka inakataa na kubaki ya polepole.

Nunua vifuniko vya mpira vya tundu la chaji, vinauzwa rejareja kwa bei ya kutupa. Jioni kabla ya kuchaji: zima simu, tundu litazame chini, tumia kijiti cha meno cha mbao kutoa unga taratibu, halafu brashi laini kavu. Usipulize kwa mdomo, unapeleka mate ndani. Usitumie sindano.

FundiAggrey
Hapo Nangurukuru kamaliza. Nami niongeze la kioo, maana ndicho kinachovunjika kabla ya chochote.

Tab A9 ina kioo cha LCD cha inchi 8.7 na uzito wa gramu 332. A15 ni AMOLED ya inchi 6.5, gramu 200. Kifaa kizito chenye uso mpana kikianguka kwa kona, fremu inapinda kidogo tu na kioo kinapasuka kuanzia pale pale. Halafu kishikwambi hakiingii mfukoni: kijana anakibana kwapani huku anapanda boda. Kioo cha A15 Kariakoo ukikikosa duka la kwanza utakipata la tatu. Cha Tab A9 unaweza kuambiwa rudi Alhamisi.

Kwa Redmi Note 13 ya 4G kuna jambo watu hawalisemi. Alama ya kidole iko chini ya kioo. Kioo kikipasuka, mafundi wengi watakuwekea kopi ya incell, kioo cha LCD cha bei nafuu, kwa sababu AMOLED halisi ni ghali, na incell haipitishi ile sensa. Simu inarudi nzima, kidole hakisomi tena. A15 kidole kiko kwenye kitufe cha pembeni, hata ukiweka kopi kinasoma. Na kidole chenye salfa juu ya kioo chenye protekta nene, mtabaki mnaandika PIN.

Redmi_Damu
Basi weka PIN tangu mwanzo, tatizo liko wapi? Jua la saa sita hujalizungumzia. Note 13 kilele chake cha mwanga ni niti 1800. Hicho kishikwambi chenu cha LCD shambani kinageuka kioo cha kujitazamia.

Bi_Dodoso
La jua ni kweli, nakubali. LCD ya Tab A9 chini ya jua kali inasomeka kwa shida, hasa picha. Ila usimdharau bosi: dodoso lenye majedwali kwenye inchi 8.7 linajazwa kwa makosa machache, na mkulima akionyeshwa picha za magonjwa ya majani anaziona bila kuvaa miwani. Mkorosho una kivuli kikubwa, wakae chini yake.

Kwa Redmi, mfumo wake unapenda kuua programu zilizo nyuma ili kuokoa betri. Ingia kwenye mipangilio ya programu, KoboCollect, betri, chagua bila vizuizi. Zima hali ya kuokoa betri wakati wa kuchukua alama, vinginevyo GPS inasuasua. Na mkumbushe kila mmoja: ukiondoa KoboCollect kwenye simu, fomu ambazo hazijatumwa zinaondoka nayo. Simu ikijaa, wafute picha zao za mpira, si programu.

Mtaani254
Wadau wa Bongo, mbona hamtaji Galaxy Tab Active5? Hiyo tableti ni IP68, inchi 8, kalamu inakuja ndani ya boksi, betri ya 5050 mAh inatoka kwa mkono bila fundi. Mnabeba betri za ziada badala ya pawabenki. Na ikiwa mezani inaweza kufanya kazi kwa waya bila betri kabisa.

Mpimaji_Kusini
Nimeiangalia mkuu. Bei ni mara mbili ya bajeti na zaidi. Ningenunua saba, vijana kumi na moja wakabaki na karatasi.

FundiAggrey
Kwa kuwa betri imetajwa, acha niwaeleze mzigo ulioletwa mezani kwangu kutoka mradi mmoja. Vishikwambi 40, kazi ilipoisha vilirudishwa kwenye maboksi vikiwa na chaji ya mwisho mwisho, vikafungiwa stoo ya bati karibu mwaka. Kifaa kilichozimwa bado kinanyonya kidogo kidogo, na betri yenyewe inajimaliza. Seli ya lithiamu ikishuka chini ya volti 2.5 hivi, saketi ya ulinzi inakata mawasiliano, na ikiendelea kushuka sana shaba iliyo ndani inaanza kuyeyuka. Ukichomeka chaji, giza. Joto la bati likamalizia. Vingi havikuwaka. Kadhaa vilikuwa vimevimba hadi kioo kimeachana na fremu, unaona mwanga unapita pembeni. Hivyo vilivyovimba mwenye mali alitaka vibonyezwe virudi. Betri iliyovimba haibonyezwi, haitobolewi, haichajiwi. Inatolewa kwa uzi na kimiminika cha kulainisha gundi, si kwa bisibisi.

Kilichotakiwa ni kidogo: chaji asilimia 50, zima, hifadhi mahali pa baridi na pakavu, kila miezi mitatu rudisha 50. Hivyo hivyo kwa Tab A9, A15, Redmi, chochote.

Mzee_wa_Chaji
Wakati wa kazi, kwenye Samsung washa kinga ya betri ile inayoishia asilimia 80 kwa wanaolala kwenye umeme. Kwa wasio na umeme iache ijae. Msidanganyike na maandishi ya pawabenki: 10,000 mAh ni kwa volti 3.7, sawa na saa-wati 37. Ikipandishwa hadi volti 5 na kupoteza joto njiani, inajaza simu ya 5000 mAh mara moja na nusu hivi, si mbili. Kwa siku tatu bila umeme chukueni ya 20,000.

Na simu isichajiwe ikiwa kwenye kava nyeusi juu ya tangi la pikipiki. Ikifika nyuzi 45 inaanza kukataa chaji, mtasema waya ni mbovu.

Redmi_Damu
Kwenye pikipiki si kuna vishikizo vya usukani? Simu inaonyesha ramani huku inachaji.

Mzee_wa_Chaji
Kwa kamera yenye OIS, ile ya kutuliza picha isitetemeke, hapana. Lenzi inashikiliwa na sumaku na springi ndogo, mtetemo wa injini unaivuruga. Apple wenyewe walitoa onyo la pikipiki mwaka 2021. Weka mfukoni, sikiliza maelekezo kwa spika ya sikio.

Mtaani254
Boda na spika za masikio? Huyo hata asikie lori? 😂

Nangurukuru
Turudi kwenye mada jamani. Mkuu, mnanunua dukani au kwa mtu wa "mzigo wa Dubai"? Kabla ya kulipa piga *#06#, tuma namba ya IMEI, ile ya utambulisho wa kifaa, kwenda 15090 uone jibu linalingana na kifaa ulichoshika. Fanya kwa vyote 18, usichague viwili vya juu ya boksi.

Bi_Dodoso
Na kama ni A15, iliyo na RAM ya 4GB iacheni, chukueni 6GB. Mwambie pia anayetengeneza fomu aweke max-pixels=1024 kwenye swali la picha. Picha za kamera zikiachwa zilivyo, kutuma fomu moja kwa mtandao wa kijijini ni kazi ya usiku kucha.

Mpimaji_Kusini
Asanteni sana wakuu. Nilikuwa nimeegemea A15 kumi na nne na Tab A9 nne kwa wasimamizi, wenye majedwali. Nimepeleka hoja, bosi kasema tusubiri kwanza. Kuna mtu kamwambia achukue iPad, eti haziharibiki.

Redmi_Damu
😂😂 Laki tano?

FundiAggrey
Zilizotumika labda. Na kwa bei hiyo atapewa ya Wi-Fi pekee, ambayo haina GPS. Mwulize huyo mtu kona za mashamba atazichukua kwa nini.