Ushauri: Tai na rakuni wanaandama kiota cha korongo mbele ya nyumba yetu. Tuingilie au tuache?

Binti Chumbageni:
Habari za jioni wana jukwaa.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Ujerumani, jimbo la Brandenburg, kijijini upande wa mto Elbe. Huku korongo weupe ni ndege wa kila siku. Kijiji cha Rühstädt, ambacho hakiko mbali na kwetu, kilitangazwa kijiji cha korongo cha Ulaya mwaka 1996 kwa jinsi walivyojaa juu ya mapaa. Kiota tunachokitazama sisi kiko juu ya nguzo uani kwa jirani, mkabala na dirisha la jikoni. Wanangu wawili wamekifuatilia tangu dume alipofika na kuanza kukarabati vijiti, na makinda walipoanguliwa hapa nyumbani ilikuwa sherehe.

Walikuwa watatu. Sasa wamebaki wawili.

Tai wa kwanza tulimwona mchana, mkubwa, mkia mweupe, anazunguka chini chini. Mama yao alisimama katikati ya kiota, akatandaza mbawa, akarudisha kichwa nyuma mpaka kikagusa mgongo, akaanza kugonganisha mdomo: tatatatata, unasikika hadi ndani na dirisha limefungwa. Makinda wakalala chapa, shingo zimenyooka juu ya nyasi, midomo yao bado myeusi, hata jicho halipepesi. Binti yangu alipiga ukelele akidhani wamekufa. Tai akaondoka. Makinda walibaki vilevile mpaka baba yao aliporudi na chakula, ndipo wakainuka mmoja mmoja.

Lakini usiku kuna kitu kingine kinapanda. Tulisikia midomo ikigongana gizani, na asubuhi kinda mmoja hakuwepo. Kwenye nguzo kuna alama za kucha, na jirani anasema ni rakuni, yule mnyama wa usiku mwenye mkia wa mistari na miguu ya mbele kama mikono.

Naomba ushauri. Mume wangu anataka kuegemeza ngazi na kufunga kitu kwenye nguzo. Jirani anataka kurusha fataki kila tai akitokea. Mimi naogopa tusije tukawafukuza wazazi wenyewe. Halafu watoto: mdogo ana miaka sita, hataki kutoka dirishani. Niwaache waendelee kutazama?

Mkulima Halisi:
Pole sana dada. Mimi ningepiga makopo. Huku kwetu mwewe akija kwa vifaranga tunapiga kelele, anaondoka. Kwa nini uangalie kiumbe kinaliwa wakati unaweza kuzuia?

Kaka wa Magdeburg:
Mkulima, nakuelewa, lakini vifaranga wa kuku ni wako na mama yao keshakuzoea. Korongo hakujui.

Dada, mimi najitolea na watu wanaotunza korongo huku jimbo la Sachsen-Anhalt, wakati wa kuwavalisha makinda pete za utambulisho mguuni huwa napanda nao. Fataki hapana kabisa. Kwanza ni kosa: korongo mweupe analindwa na sheria ya uhifadhi wa mazingira ya Ujerumani, na kumsumbua wakati wa kulea hairuhusiwi. Pili, kelele itamwondoa mzazi kiotani, na hiyo ndiyo nafasi tai anayoisubiri. Makinda wakishakaribia kuruka ndiyo mbaya zaidi, wanaweza kujitupa kutoka juu kabla mbawa hazijakomaa.

Kule kulala chapa mlikokuona ni kinga yao. Tunapofika na ngazi kuwavalisha pete wanafanya hivyohivyo, unamwinua mguu kinda na hatingishiki. Mwambie binti yako hawakuwa wamezirai, wala hawaumwi.

Mimi siwaweki tai na rakuni kwenye kapu moja. Tai mkia-mweupe ni mwenyeji wa hapa. Alikaribia kutoweka kwa kupigwa risasi, na kwa DDT, sumu ya kuulia wadudu, iliyofanya maganda ya mayai yake yapasuke. Leo amerudi, ana makinda yake, na samaki hawatoshi kila siku. Ni ndugu wa karibu wa furukombe wetu wa maziwani. Yeye mwache. Rakuni ameletwa na binadamu kutoka Marekani. Waliachiwa makusudi kwenye bwawa la Edersee, jimbo la Hessen, mwaka 1934, halafu mwaka 1945 bomu likapiga shamba la manyoya karibu na Strausberg, hapohapo Brandenburg kwenu, wengine wakatoroka. Korongo hakuzoea adui anayepanda nguzo usiku kwa mikono. Hapo binadamu ana wajibu, na mimi siamini hoja ya "tuache asili ifanye kazi" kwa jambo ambalo asili haikulifanya.

Dawa ni bati laini. Unaizungushia nguzo bati pana lisilo na pa kushika, juu kiasi ambacho rakuni hawezi kuruka kutoka chini na kulipita. Lakini si leo, dada. Mwambie mumeo aweke ngazi chini. Kazi hiyo hufanywa kiota kikiwa kitupu, yaani baada ya Agosti, na kwa kibali cha ofisi ya uhifadhi ya wilaya. Wapigie sasa hivi uwaeleze kuhusu zile kucha, wana watu wao wanaoangalia viota na wanaweza kuamua kama hali hii inastahili hatua ya dharura. Kwa upande wenu, msiache chakula cha paka nje usiku, funikeni mapipa ya taka, na kama kuna tawi au ukuta unaomsaidia kufika kwenye nguzo, mwonyesheni jirani.

Mama Wawili Kilosa:
Kuhusu watoto. Nimefundisha awali muda mrefu. Usimtoe dirishani kwa nguvu, atabaki na picha ya kutisha bila mtu wa kuzungumza naye. Kaa naye. Mwambie ukweli kwa maneno mafupi: kinda amekufa, kuna mnyama amemla, na huyo mnyama naye anakula ili aishi. Akilia, alie. Watoto wanaumizwa zaidi na mtu mzima anayegeuza habari kila wanapouliza. Ila usiku alale, asikeshe kulinda.

Mpe na kazi. Achore kila siku ameona wazazi wameleta nini.

Njia ya Ndutu:
Nimeguswa na huu uzi. Mimi ni mwongoza watalii, makao Arusha, na hao ndege wenu nawaona mvua zikishuka nyanda za Serengeti na Ndutu. Wanatembea kwenye majani mafupi mamia kwa mamia, wanaokota panzi na viwavijeshi. Mkulima hapo juu, huyo ni rafiki yako kabisa. Kufikia Machi wanaanza kupanda juu na hewa ya moto, wanazunguka wee mpaka unawapoteza machoni, ndiyo wanaelekea kwenu.

Wengine wana pete mguuni. Ukimpata karibu na darubini nzuri unasoma herufi, na kama ametoka mashariki mwa Ujerumani pete huwa ni za kituo cha Hiddensee. Binti Chumbageni, hao wawili wakivalishwa pete, omba namba uiweke hapa. Nitaipa kila dereva ninayemfahamu.

Kaka wa Magdeburg:
Umenikumbusha Prinzesschen, korongo jike wa mji wa Loburg, huku Sachsen-Anhalt. Alifungwa kisambaza mawimbi mgongoni mwaka 1994, na mpaka alipofia Afrika Kusini mwaka 2006 watu walikuwa wakiifuata safari yake kwenye ramani. Hao wa mashariki mwa Elbe kwa kawaida hupita mlango-bahari wa Bosporus kule Uturuki, Israeli, bonde la Nile na Sudan, wakikwepa kuvuka bahari kwa sababu hewa ya moto haipandi juu ya maji.

Dada, nikuambie na hili ili usije ukamlaumu tai kwa kila kitu. Kinachoua makinda wengi ninaowaona mimi ni mvua ya baridi ya Mei na Juni. Wanafika umri ambao mama hawezi tena kuwafunika wote, na manyoya yao bado yanashika maji. Siku mbili tatu za mvua mfululizo na upepo, kwisha. Korongo wengine nao huvamia, wanapigania kiota na kutupa mayai. Na chakula kikipungua wazazi wenyewe wanaweza kumtupa aliye dhaifu. Mwandae mtoto kwa hilo pia.

Binti Chumbageni:
Ahsanteni sana, nimesoma kila neno na mume wangu nimemsomea. Ngazi imerudi stoo. Nimeongea na ofisi ya wilaya, wamesema watatuma mtu kuangalia nguzo, na jirani amekubali kukata tawi la mti wa tufaha linaloegemea ukuta. Fataki bado anang'ang'ania, nitamtafsiria maelezo ya kaka.

Njia ya Ndutu, watoto wamechukua ramani, wametia alama Arusha.

Swali moja limebaki. Leo upepo ni mkali na hao wawili wameanza kurukaruka wakipiga mbawa. Mmoja akianguka akiwa hai, tumrudishe juu au wazazi watamlisha chini?

Kaka wa Magdeburg:
Hawatamlisha. Korongo hatii chakula mdomoni mwa kinda, anakitapika katikati ya kiota na makinda wanaokota wenyewe. Aliye nje ya kiota hana chakula chochote, hata kama baba yake anamwona.

Wala msipande kumrudisha wenyewe. Mtupieni taulo juu ya kichwa, akiwa gizani hutulia. Shika mdomo kwanza, maana hulenga macho, ila usiyabane matundu ya pua. Mwekeni kwenye boksi kubwa lenye matundu, mahali pa kimya, watoto na paka wakae mbali. Msimpe mkate, wala msimmiminie maji kooni, yanaingia kwenye mapafu. Halafu pigeni simu ofisi ileile ya wilaya, au Storchenhof ya Loburg, wana hospitali ya korongo na watawaelekeza ni nani wa karibu yenu anayeruhusiwa kumpokea. Namba ziandikeni leo mzibandike kwenye friji, msisubiri mpaka awe chini.